Maji Mabichi na Maji Mabivu

Neno "safi" tumelitwika mizigo mingi katika Kiswahili. Nguo iliyofuliwa ni safi, moyo usio na kinyongo ni safi, lugha isiyochanganywa ni safi, na ukimuuliza kijana habari za leo, naye atakujibu "safi" bila kukueleza chochote. Kwa upande wa maji tumekuwa wavivu zaidi. Maji yakionesha chini ya ndoo tunasema ni safi, yakiwa na rangi tunasema ni machafu, na mjadala tunaufunga hapo. Jicho ndilo hakimu, na hukumu yake haikatiwi rufaa.

Nilitoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikafundisha Kemia na Biolojia katika shule za sekondari mpaka nilipostaafu. Darasani nilizungumza Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia; jioni nilirudi kwenye mashairi yangu ya Kiswahili. Lugha hizo mbili ziliishi ndani yangu kama wapangaji wa nyumba moja wanaosalimiana mlangoni na kila mmoja kwenda chumbani kwake. Mambo ya amonia na asidi yalikuwa ya huku, mambo ya vina na mizani yalikuwa ya kule. Aliyenikutanisha nao sebuleni alikuwa fundi wa reli, naye alifanya hivyo baada ya kufa.

Fundi huyo alikuwa jirani yangu hapa Tanga kwa miaka mingi. Alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, na ingawa kazi ilimleta mpaka ufukwe wa Bahari ya Hindi, moyo wake haukuhama ziwani. Alipostaafu alijenga tangi la kioo la lita 200 sebuleni kwake, akaleta samaki wa nyumbani kwao. Walisafirishwa na mtu aliyefahamiana naye Kigoma, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa ya oksijeni. Wengi wao walikuwa wale wadogo, wasiozidi urefu wa kidole, wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Katika ziwa lile, ambalo kina chake kinakaribia mita 1,500, sehemu nyingine za chini zimetandikwa makombe hayo, na samaki hawa huyafanya nyumba: humo hulala, humo hutaga mayai, humo hukimbilia wakiona kivuli cha adui. Jirani yangu aliweza kukaa mbele ya kioo saa nzima akiwatazama wakichimba mchanga kwa vinywa vyao, na ukimuuliza anaona nini, hujibu, "Naona kwetu."

Alifariki mwanzoni mwa mwaka jana. Mkewe alikaa eda ya miezi minne na siku kumi, na muda wote huo aliwalisha samaki kama alivyomwona mumewe akiwalisha: kidogo asubuhi, kidogo jioni, Ijumaa hawali. Hakufa hata mmoja. Siku ya kutoka eda ilipokaribia, jamaa wa kike walikuja kutoka Muheza na Pangani kumsaidia kuiandaa nyumba. Mapazia yalishushwa, mazulia yakafuliwa, kuta zikapanguswa. Walipofika kwenye tangi waliona kioo chenye utando wa kijani, mchanga wenye vumbi la kahawia, na sponji ya chujio iliyokuwa nyeusi na kuteleza kama kamasi. Wakawatia samaki kwenye ndoo. Mchanga wakauosha kwa maji ya bomba mpaka ukawa mweupe. Sponji ikalowekwa katika dawa ya kupaushia nguo, ikasuuzwa mara kadhaa, ikarudishwa mahali pake kama mpya. Maji ya zamani yakamwagwa yote. Wageni waliokuja siku ile walilisifu tangi kuliko pilau.

Siku ya nne alikufa wa kwanza. Mke wangu ndiye aliyeniletea habari kwamba kufikia siku ya kumi walikuwa wamekufa saba kati ya 19, na kwamba mtaani kulikuwa na maneno. Wengine walisema samaki wanamfuata mwenyewe. Wengine, kwa sauti ya chini zaidi, walisema kuna watu ambao mikono yao haitunzi kiumbe. Mjane aliyasikia hayo yote, nayo yalimwingia. Tulipokwenda kumjulia hali, mimi na mke wangu, alitukaribisha, akatuandalia chai, kisha akasema akiwa ameinamisha uso:

"Shemeji, wewe ni mwalimu wa mambo haya. Maji ni safi, unayaona mwenyewe. Chakula ni kilekile. Basi ni mkono wangu tu. Nataka niwatoe, niwape mtu, kabla hawajaniishia wote."

Nikamwambia, "Shemeji, tusiutaje mkono wa mtu kabla hatujayapima maji."

Maji yalikuwa yanang'aa kweli. Ungeweza kusoma gazeti kupitia pande zote mbili za kioo. Lakini samaki waliobaki walikuwa juu, midomo ikigusa uso wa maji, wakihema upesi upesi. Mapezi yao waliyabana mwilini. Matamvua, yaani vile viungo vya kupumulia vilivyo nyuma ya kichwa, yalikuwa mekundu kuliko kawaida. Wakaaji wa makombe walikuwa wametoka nje ya nyumba zao, jambo ambalo samaki wale hawalifanyi wakiwa na amani.

Mtafuta chanzo huanza kwa kuuliza nini kimebadilika, na kuondoa kimoja kimoja kisichohusika. Kipimajoto kilionesha nyuzi 26, nalo ni joto linalowafaa. Pampu ya hewa ilikuwa inatoa viputo vyake kama kawaida. Hapakuwa na madoa meupe mwilini wala ukungu wa pamba kwenye mapezi, hivyo sikuona dalili ya ugonjwa wa kuambukiza. Klorini ya maji ya bomba ingewadhuru saa zilezile za mwanzo. Isingengoja siku ya nne. Jambo lililobaki halikuonekana kwa macho, na nilipouliza kama marehemu alikuwa na vifaa vya kupimia maji, mjane alifungua mtoto wa meza, akatoa kisanduku cha chupa ndogo za dawa na mirija ya kioo. Chini yake palikuwa na daftari la shule lenye jalada la buluu.

Daftari lile ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Kila ukurasa ulikuwa umepigwa mistari ya wima kwa rula. Upande wa kushoto ziliandikwa tarehe, zote za Ijumaa, na juu ya kila safu palikuwa na kichwa cha habari. Nilitarajia kukuta majina ya kigeni yaliyo kwenye chupa zile. Marehemu hakuyatumia. Pale ambapo mimi ningeandika amonia, yeye aliandika "Ukali". Pale pa nitriti aliandika "Sumu ya kati". Pale pa nitrati aliandika "Mabaki". Na katika kurasa za kwanza, za mwezi ule alipoanzisha tangi, pembeni mwa tarakimu aliandika maneno mafupi: "Maji bado mabichi." Wiki iliyofuata: "Mabichi." Wiki nyingine: "Yanaanza kuiva." Kisha, karibu wiki ya sita, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari: "MAJI YAMEIVA. Samaki waingie."

Msomaji aliyewahi kufuga samaki atajua mara moja alichokisema. Kwa asiyejua, nitaeleza kwa maneno yaleyale ya fundi, kwa sababu sijaona yaliyo bora zaidi.

Samaki hula, na akila hutoa taka. Nyingi ya taka hizo hutoka kama amonia, kupitia matamvua yake. Chakula kisicholiwa nacho huoza na kuongeza amonia hiyohiyo. Ziwani haina madhara, kwani maji ni mengi na samaki ni wachache. Ndani ya lita 200 ni jambo jingine: kiumbe amefungiwa chumba kimoja na choo chake. Huo ndio Ukali. Huchoma matamvua, na samaki hufa akitafuta pumzi ndani ya maji yaliyojaa hewa.

Kinachomwokoa ni bakteria wasioonekana. Sergei Winogradsky, mwanasayansi mzaliwa wa Kyiv, alichapisha mwaka 1890 utafiti wake juu ya vijidudu hivi, akaonesha kwamba kazi hufanywa kwa hatua mbili na kwa makundi mawili tofauti. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu. Ndiyo maana fundi akaiita Sumu ya kati. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi, na ambayo mfugaji huipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Hayo ndiyo Mabaki. Bakteria hawa hawaelei sana majini. Wao hujishika kwenye vitu: kwenye mchanga, kwenye kioo, na zaidi ya yote kwenye sponji ya chujio, ambamo maji hupita mchana na usiku yakiwaletea chakula na oksijeni. Ule utelezi mweusi uliowachukiza jamaa wa Muheza na Pangani ulikuwa umebeba ini na figo za tangi. Tangi jipya huchukua kwa kawaida wiki nne mpaka sita kuwapata bakteria wa kutosha. Kabla ya hapo maji ni mabichi, hata yakiwa maangavu kama kioo chenyewe. Baada ya hapo yameiva.

Nilichukua mrija, nikatia maji ya tangi mpaka kwenye alama, nikadondosha matone ya dawa, tukangoja. Maji yasiyo na amonia hubaki na rangi ya manjano, kama ya ndimu iliyoiva. Yetu yaligeuka kijani, na kijani kile kilizidi kukolea kadiri tulivyotazama. Nililinganisha na kadi ya rangi: miligramu 2 kwa lita. Katika daftari, safu ya Ukali ilikuwa sifuri kwa miaka mitatu mfululizo. Nitriti ilikuwa sifuri, na nitrati haikuonekana. Mchanganyiko huo ulikuwa na maana moja. Amonia ilikuwa inazaliwa kila siku na hapakuwa na wa kuigeuza. Hata hatua ya kwanza haikuwa imeanza.

Kulikuwa na jambo la pili, na hapa Ziwa Tanganyika lenyewe linaingia. Maji ya ziwa lile ni ya upande wa alkali, pH yake hukaribia 9, na samaki wake wamezoea hali hiyo. Kwa kuwaigizia kwao, marehemu alichanganya mchanga wa tangi na vipande vya matumbawe yaliyokufa, ambavyo hapa pwani havina bei, na akatumia maji ya kisima chake, yale ambayo sabuni haitoi povu ndani yake. Niliyapima: pH ilikuwa 8.3. Amonia ina sura mbili majini. Sura moja ina chaji ya umeme na haipenyi kwa urahisi kwenye mwili wa samaki; nyingine haina chaji, hupenya, na ndiyo inayoua. Katika nyuzi joto 25, maji yenye pH 7 huwa na ile sura inayoua chini ya sehemu moja katika kila sehemu 100 za amonia yote. Katika pH 8.3 hufika sehemu 10. Katika pH 9 huvuka theluthi. Kwa hiyo maji yaleyale ambayo yangemsumbua tu samaki wa mto wa maji laini, yalikuwa yanawaua watoto wa Ujiji.

Nilikwisha kujua kilichotokea. Kulisema ndiko kulikonipa kazi. Sebuleni alikuwepo binti wa ndugu yake, msichana wa miaka kama 19, aliyebaki baada ya shughuli ili amfariji shangazi yake. Yeye ndiye aliyeiosha sponji kwa mikono yake. Nilipotaja chujio nilimwona akikunja vidole. Ningeweza kusema, "Mmewaua bakteria." Kisayansi ingekuwa kweli, lakini pale sebuleni ingekuwa hukumu ya pili juu ya ile ya mtaani, tungeuondoa msalaba begani mwa mjane na kumtwisha binti aliyesugua kwa mapenzi.

Nikalifungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza, nikamwonesha mjane mwandiko wa mumewe. "Shemeji, soma hapa."

Akasoma polepole: "Maji bado mabichi."

"Basi ndivyo yalivyo leo," nikamwambia. "Yaliwahi kuiva, sasa yamerudi ubichi. Mwenyewe aliyapitisha hapa mara ya kwanza, na wiki zake ameziandika. Tutayaivisha tena."

Alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo si mkono?"

"Mkono unalisha. Unaoivisha ni muda."

Binti akainua uso na kuuliza, "Babu, tufanye nini sasa hivi?"

Nawaomba wenzangu wa ushairi mtazame kilichofanywa na neno "mabichi" pale. Embe bichi halina kosa, wala aliyelichuma mapema hatumwiti muuaji. Nyama mbichi haijalaaniwa, inangoja moto. Ubichi katika Kiswahili ni hali iliyo njiani, na ndani ya neno lenyewe limo tumaini la kuiva. Nyumbani tumezoea kusema maji mabichi tukimaanisha yasiyochemshwa, kama tusemavyo maziwa mabichi. Fundi alilichukua neno la jikoni akalitanua kidogo, bila kulivunja. Kuiva nako tunakujua: ndizi huiva, jipu huiva, mwanafunzi aliyefunzwa sawasawa tunasema ameiva. Katika vitabu nilivyofundishia, jambo hili huitwa kwa neno la mzunguko, na mwanafunzi hukariri mishale yake kwenye duara. Mwanafunzi huyo anaweza kuuchora mzunguko wote akapata alama zote, na bado akaosha sponji kwa dawa ya kupaushia. Sidhani kama angeiosha hivyo mtu aliyeambiwa tangu mwanzo kwamba ndani ya sponji ndimo maji yanamoivia.

Nikarudi kwenye swali la binti. Siku ile tuliondoa nusu ya maji, tukarudishia ya kisimani yaliyokuwa na joto lilelile, tukiyamimina taratibu, na kwa hesabu ya kawaida Ukali ukashuka kwa nusu. Chakula tulikikata kwa siku tatu. Samaki mwenye afya huweza kukaa bila kula siku kadhaa, na kila punje isiyotiwa ni amonia isiyozaliwa. Tuliongeza mkondo wa hewa. Kila siku iliyofuata tulibadilisha kama theluthi ya maji, tukapima asubuhi na jioni.

Washauri hawakukosekana. Mmoja alisema tutie siki tuishushe pH. Siki ingepigana na matumbawe, pH ingepanda na kushuka, na samaki huumizwa na mabadiliko ya ghafla kama wanavyoumizwa na sumu. Mwingine alileta dawa ya kuua vijidudu, akiamini ni maradhi; dawa hiyo ingewamaliza hata bakteria wachache waliokuwa wameanza kurudi. Wa tatu alitaka tusafishe tena. Nilimshukuru kila mmoja, na chupa zao nikaziweka kabatini.

Tulichokihitaji ni mbegu. Mtu akitaka mtindi huweka kidogo cha mtindi wa jana kwenye maziwa ya leo. Katika mgahawa mmoja hapa mjini kuna tangi la samaki la miaka mingi, na mwenyewe, baada ya kunicheka vya kutosha, alinikatia kipande cha sponji yake chafu kisichozidi ukubwa wa kiganja. Samaki wake walikuwa wazima bila dalili ya ugonjwa, nami nililiangalia hilo kwanza, kwa kuwa mbegu huja na magugu yake. Nilikibeba ndani ya maji yake kisikauke, nikakiweka kwenye chujio la mjane kandokando ya sponji nyeupe.

Samaki wengine watatu walikufa katika siku tano za kwanza. Binti aliwazika chini ya mpera bila kumwambia mtu. Wakabaki tisa.

Katika wiki ya pili Ukali ulianza kushuka wenyewe, na mrija wa pili ukageuka rangi ya zambarau: Sumu ya kati imeingia. Hii huharibu damu. Huigeuza ile sehemu inayobeba oksijeni, damu ikawa na rangi ya kahawia, na samaki akahema hata pampu ikipuliza kwa nguvu zote. Hapa dawa iko jikoni. Chumvi ya kawaida ina kloridi, na kloridi hushindana na nitriti mlangoni mwa matamvua, ikaizuia isiingie kwa wingi. Tulitia kiasi kidogo, kilichoyeyushwa kwanza kikombeni, na kila tulipobadilisha maji tukarudishia kile kilichotoka. Mjane alicheka kwa mara ya kwanza, akasema mumewe alikuwa akilalamika siku zote kwamba mchuzi wake hauna chumvi, kumbe alikuwa anaisubiri huku.

Jioni zile za kungoja mirija ibadilike rangi, nilimweleza binti rangi nyingine ambazo maji huweza kuvaa, nami ninaziandika hapa kwa faida ya wengine. Maji yakipauka kama yaliyosuuziwa chombo cha maziwa, mara nyingi ni bakteria wa aina nyingine waliochipuka kwa wingi, hasa katika tangi jipya au lililolishwa kupita kiasi. Punguza chakula, ngoja, usimwage yote. Maji ya kijani yamejaa mwani mdogo uelea majini, unaoshibishwa na jua la dirishani na Mabaki mengi. Sogeza tangi au weka pazia. Maji ya kunde, yale yenye rangi ya chai isiyo na maziwa, mara nyingi yametiwa rangi na mti au majani yaliyolowekwa humo, na samaki wa mito ya misituni huyafurahia. Utando wa mafuta juu ya maji unadai mkondo zaidi. Harufu ya yai viza inatoka kwenye mchanga mnene usiopitisha maji, na mchanga huo utibuliwe kidogo kidogo, kwa tahadhari. Maji ya bomba yenye klorini yalazwe kwenye ndoo wazi usiku na mchana, au yatiwe dawa ya kuiondoa. Kwa maji ambayo klorini imefungamanishwa na amonia, kuyalaza hakutoshi; hayo yanataka dawa. Na sponji ikiziba, ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaleyale ya tangi. Isifikishwe bombani.

Binti alisikiliza, kisha akauliza kwa nini yale yanayotisha macho mengi hayaui, na yale yaliyong'aa ndiyo yaliyoua. Nilimwambia aandike swali lake kwenye daftari. Mimi nililiandikia ubeti usiku ule:

Natazama kiooni, maji yang'ara daima,
Samaki wa taabuni, wakitafuta kuhema,
Usafi si wa machoni, usafi ni wa kupima,
Maji yaive tangini, ndipo yawe na uzima.

Wahenga waliposema tutajua mbivu na mbichi, walikuwa wanaahidi kwamba ukweli wa jambo utajulikana mwisho wake. Kwetu ulijulikana siku ya 31. Mirija miwili ya kwanza ilibaki na rangi ya sifuri, na wa tatu ukawa wa rangi ya chungwa, ishara kwamba Mabaki yapo na kazi inafanyika mpaka hatua ya mwisho. Kioo kilikuwa kimeanza kupata utando wake wa kijani. Sponji nyeupe ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Wakaaji wa makombe walikuwa wamerudi ndani, na kila ulipokisogelea kioo uliona macho tu mlangoni.

Kuna wanaouliza kwa nini tuhangaike kutafuta maneno ya Kiswahili kwa mambo ambayo tayari yana majina ya kimataifa. Sina ugomvi na amonia. Jina hilo limesharipotiwa kwenye madaftari ya dunia nzima, na nimelitumia hapa bila haya. Hata hivyo "amonia" ingemwambia mjane kwamba ndani ya maji kuna kitu asichokijua. "Mabichi" ilimwambia jambo alilolijua tangu utotoni, na likamwondolea lawama ambayo mtaa mzima ulikuwa umempa. Istilahi nyingi hutungwa mezani kwa ajili ya kamusi. Hii ilitungwa na fundi aliyekuwa anaogopa kuwaua samaki wa kwao, na ndiyo maana ilikuwa na kazi ya kufanya siku alipokuwa hayupo.

Binti amerudi Pangani. Juzi alituma salamu kwamba anatafuta kioo cha bei nafuu. Mjane hakulitoa tangi. Kila Ijumaa, siku ambayo samaki hawali, yeye hupima, akaandika kwenye daftari lilelile, chini ya safu zilezile. Ametumia maneno ya mumewe yote, ila ameongeza safu moja ya mwisho ambayo haikuwepo, na kichwa chake ni "Walivyo". Humo huandika neno moja au mawili: "Wamechangamka." "Wamejificha." "Wanachimba." Ijumaa iliyopita aliandika, "Wapo vitoto, sijavihesabu."

Wenzangu wa Mwanza, wa Lamu, wa Bukavu, wa Muscat, na popote mlipo: maji yasiyochafuka machoni lakini bado hayajafaa kuishi kiumbe, kwenu yanaitwaje? Nimeanza kukusanya.